Miski ya Maji na Mtu wa Tatu

Soko la Toi, Kibera
Jumapili, 12 Januari 2025

Daisy wangu,

Sasa, mtoto wa ndugu yangu? Natumaini ulifika shule na sanduku lako halikufunguka njiani, maana ile kufuli niliiona ikilegea nikanyamaza ili usichelewe basi. Huku tuko sawa, ila jua limetukalia. Mabati ya ploti yanalia mchana kutwa. Mercyline, jirani yangu wa sokoni, yule wa mashati ya mitumba, siku hizi mchana analala chini ya meza yake na wateja wanajihudumia. Kanisani wanakuulizia. Nikiwaambia uko Kidato cha Tatu wanashika mdomo, kana kwamba wao walisimama umri ule ule.

Simu ya shule kila nikipiga inakatika nikisema halo, kwa hivyo tuandikiane tu. Na leo nina kitu, Daisy. Nina kitu!

Unajua jinsi Januari hunitesa. Udi, vanila, ile tamu ya waridi, marashi yote ambayo Desemba watu waliyapigania mezani kwangu, yakipigwa na jua yanageuka mazito kama sharubati. Wiki jana dada mmoja alinirudishia chupa, ati bosi wake alimwomba ahamie karibu na dirisha. Basi nikaenda mjini kwa Mama Nduku anayeniuzia mafuta ya marashi. Akanipa kijichupa kisicho hata na karatasi ya jina. "Hii ni ya summer," akasema. Nikamwuliza summer ya wapi, sisi huku tuna jua na mvua. Akacheka. "Ni miski ya maji. Jaribu kwanza, usininunulie kwa huruma."

Nilipaka tone moja mkononi. Mwanzo, kimya. Halafu ikaja baridi, kama mtu amefungua mlango wa nyumba iliyotoka kupigwa deki. Maji, lakini si ya mfereji. Tango likikatwa. Chumvi kidogo. Na chini kabisa, ukisubiri, kitu cha joto kama shingo ya mtoto aliyetoka kuoga. Nilinusa mkono wangu njia nzima mpaka watu wakaniangalia.

Nikakimbia kwa Mercyline. Akanusa, akanusa tena. "Eddah, haya ni maji. Umeuziwa maji." Nikampaka yeye mwenyewe. "Bado ni maji."

Sasa nimechanganyikiwa. Pua yangu inasema haya ndiyo marashi ya msimu wa jua niliyokuwa natafuta miaka yote. Pua ya Mercyline inasema nimelogwa. Nikichukua mzigo mzima na yeye ndiye mkweli, tutakula sukuma bila chochote hadi Pasaka. Wewe ndiye uko klabu ya kemia. Niambie nifanye nini.

Wakipika githeri, kula. Usijifanye huna njaa.

Mimi Waya wako,
Eddah Adero


Shuleni
Jumamosi, 25 Januari 2025

Niaje Waya,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa, lakini usiogope. Madam Kalekye, msimamizi wa mabweni, husoma barua zote kabla hatujapewa. Ni mkali, hacheki, hata siku ya michezo hakucheka. (Salamu, Madam. Najua uko hapa.)

Mimi niko poa. Kufuli ilikatika Athi River lakini sanduku halikufunguka, nililikalia. Wasichana wa bweni langu waliona nimeandika "Waya" wakaniuliza kama naandikia umeme. Nikawaeleza ni Kijaluo, ni dada ya baba. Sasa wote wanakuita Waya, uzoee.

Wueh! Hiyo barua nimeisoma mpaka imelainika. Nilipeleka swali lako kwa Mwalimu Khaemba wa kemia, akaacha kusahihisha akakaa vizuri. Anasema Mercyline hajakosea na wewe hujaibiwa. Kuna watu pua zao hazishiki miski kabisa. Si ugonjwa, wamezaliwa hivyo. Wanasikia harufu zingine zote, lakini miski inawapita kama hewa. Kwa hivyo Mercyline si shahidi, Waya. Mpende tu, lakini si shahidi.

Klabu nzima tumekaa tukakupangia jaribio. Tafuta watu watatu wenye ngozi tofauti. Wapake mwilini, sio kwa nguo, nguo inadanganya. Wapake asubuhi, halafu wanuswe jua likiwa utosini na jioni wakitoka kazini. Na mtu asijinuse mwenyewe, kwa sababu pua huzoea mwenye pua. Anuswe na mwingine. Halafu uniandikie kila mtu alivyokuwa, usiruke kitu.

Usinunue mzigo kabla ya ripoti. Naomba unitumie sabuni pia.

Ni mimi,
Daisy


Soko la Toi
Jumapili, 9 Februari 2025

Mtaalamu wangu Daisy,

Salamu zako zimefika hadi kwa Mercyline, na amefurahi kujua yeye si mgonjwa, ila ameudhika kuambiwa si shahidi. Sabuni imo kwenye kifurushi, na karanga, na kalamu. Mwenye ploti ametupaka rangi mlango, kijani, bila kutuuliza. Nyumba inafanana na zahanati.

Ripoti yako ndiyo hii.

Mtu wa Kwanza ni mimi. Mercyline alipokataa kuninusa, nilinuswa na yule mama wa viazi. Asubuhi alisema nanukia mvua. Mchana, kidogo. Jioni, hakuna.

Mtu wa Pili ni Mercyline. Alinukia vizuri, akaapa ni maji.

Mtu wa Tatu alikuja kununua shati jeupe kwa Mercyline. Alikuwa amelishika kwenye mwanga, anatafuta doa, na Mercyline akamvuta mkono: "Wewe una pua? Njoo utuamulie." Daisy, kabla hajaninusa alitafuta maji akanawa mikono kwanza. Nani hunawa mikono ili anuse? Kisha akainama juu ya mkono wangu akafumba macho. Nikadhani amelala. Akasema polepole, "Huu ni mto asubuhi. Kabla ng'ombe hawajateremka."

Nikamwuliza mto gani. Akasema Nzoia, kwao ni karibu na huko. Halafu akarudi nyuma hatua kubwa, kama amekumbuka kitu. "Samahani. Mimi hunuka. Ni kazi yangu."

Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote mbaya mpaka aliposema. Nikamwambia alete mkono. Nikampaka. Na hapo ndipo nilishangaa, kwa sababu kwangu miski ile hupaa upesi, lakini kwake ilikaa. Ile baridi ya juu ilitulia, na lile joto la chini likapanda taratibu, likawa zito bila kuwa tamu. Alirudi jioni kunuswa, kama ulivyoagiza, kutoka mbali, na jua lote lile. Bado ilikuwepo. Siku ya pili akarudi tena. Nikamwambia jaribio linataka siku moja tu. Akasema sayansi haitaki haraka. Alhamisi alikuja pia. Ana sauti ya chini, unalazimika kusogea ili umsikie.

Lakini shida ni hii. Niliwapa wateja wachache wajaribu, na wote wanasema ikifika saa sita imeenda. Imemkaa Mtu wa Tatu peke yake. Siwezi kuuza marashi ya mtu mmoja. Niambie kwa nini.

Waya,
Eddah


Shuleni
Jumapili, 16 Februari 2025

Niaje Waya!

Sisi wazima. Maji yalipotea siku mbili yakarudi. Nimekuwa wa nne kwa hesabu, wa kwanza kwa kemia, na Kiswahili tusiongee.

Swali lako limejibiwa. Jua hukausha ngozi, na ngozi kavu haishiki kitu, hasa hizi harufu nyepesi za maji, ambazo hupaa haraka kuliko udi. Kwa hivyo wateja wapake mafuta ya mgando kwanza, kidogo tu, pale shingoni na ndani ya kiwiko, halafu ndiyo waweke miski juu yake. Mafuta yanaishikilia. Tulijaribu hapa na miski ya mwalimu, usiulize tuliipata aje, ikakaa hadi preps za usiku. Pengine Mtu wa Tatu hushika mafuta kazini? Mwulize.

Sasa hebu tuongee ukweli. Waya. Mercyline umempa sentensi moja. Mwenyewe umejipa mstari. Mtu wa Tatu amechukua ukurasa, na ndani yake kuna sauti yake na mikono yake na mto wa kwao. Klabu ya kemia haikuuliza habari ya sauti! Nilisoma bwenini kwa sauti kubwa na wasichana walipiga mayowe mpaka kiranja akaja. Ni nani? Jina lake ni nani? Ana umri gani? Madam Kalekye aliponipa barua hakuachilia upande wake. Aliishika, akaniuliza, "Hiyo kazi inayonuka ni kazi gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Uliza."

Kwa hivyo nauliza, mimi na serikali.

Likizo fupi ni mwisho wa mwezi. Nakuja. Nataka kumnusa mwenyewe.

Daisy


Soko la Toi
Jumamosi, 22 Februari 2025

Daisy na Madam,

Habari za masomo na habari za kazi. Hapa kumechangamka! Mafuta ya mgando yamefanya maajabu. Nimechukua mzigo kwa Mama Nduku, na mezani watu wanaagiza kwa jina walilolitunga wenyewe: "Nipimie Ya Maji." Vijana wa viatu, dada wa saluni, askari wa benki anayesimama juani kutwa. Mchungaji pia amechukua, ila alimtuma mkewe. Nawapaka mafuta mwenyewe, nawaonyesha pale pa kuweka, wanaenda wakirudi wameleta mwenzao. Sijawahi kuona Februari ya namna hii.

Jibu la serikali ni kwamba anaitwa Khamala. Ana bucha Gatina, kule Kawangware. Ndiyo, hushika mafuta kutwa, umebahatisha. Ana miaka arobaini na nne, na mke wake alifariki zamani, hawakujaliwa watoto.

Nitakuambia kitu alichonieleza, na usikisome bwenini. Bucha huingia mwilini, Daisy. Anaoga mara mbili, anabadilisha nguo, lakini harufu ya mafuta ya nyama hukaa kwenye nywele na kucha, na siku za joto inapanda. Alijaribu marashi matamu, yakachanganyika na nyama ikawa balaa. Kwa hivyo kanisani alizoea kukaa benchi la nyuma, na watu wakaacha nafasi kati yao na yeye, bila ubaya, kidogo kidogo, mpaka ikawa desturi. Jumapili iliyopita alipaka Ya Maji. Mama mmoja mzee akaja amechelewa, akakaa pale pale karibu naye, bega kwa bega, akaimba ibada nzima. Alinieleza hivyo akiwa anaangalia viatu vyake. "Sikusikia mahubiri," akasema. "Nilikuwa nasikiliza lile bega."

Na mimi nilifunga meza mapema siku hiyo.

Ameniuliza kama naweza kuishi Kawangware. Nimecheka tu. Anakaa nyuma ya bucha, chumba ni kimoja, lakini kina upepo. Tutaongea ukija. Nipike nini? Nyama sasa si shida!

Waya wako mwenye haraka,
Eddah


Shuleni
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa Shangazi Mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Mimi sijambo. Naomba radhi kwa kutokuja likizo fupi. Walisema wanaotaka kubaki wasome wanaweza kubaki, nami nimebaki. Tulikuwa wachache na chakula kilikuwa kizuri.

Nimefurahi kusikia biashara inaendelea vyema. Mvua ikianza punguza mzigo wa miski, kwa kuwa baridi huificha, na urudishe vanila mbele.

Naomba sanduku langu la vitabu, lile lililo chini ya kitanda, lisihamishwe. Kama ni lazima lihamishwe, naomba nijulishwe mapema.

Wako mtiifu,
Daisy Oloo


Soko la Toi
Jumamosi, 15 Machi 2025

Daisy,

Salamu kutoka kwetu. Mvua imeanza, tumetandika turubai, na vumbi limelala. Mercyline ameng'oa jino. Vanila nimeirudisha mbele, umesema kweli, watu wameanza kuinunua tena.

Ile Ijumaa ya likizo nilikungoja steji hadi basi za kutoka huko kwenu Machakos zikaisha. Nilikuwa nimepika. Tulikula mimi na Mercyline, na kingine tukapeleka kwa mama wa viazi.

Sanduku lako liko pale pale. Hakuna mtu ameligusa.

Wiki hii hakuna ripoti.

Kula vizuri.

Waya


Shuleni
Jumamosi, 22 Machi 2025

Waya,

Jana Madam Kalekye aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani kwake. Akasema, "Nimeisoma mara mbili. Mtu wa Tatu hayumo. Umefanya nini, Daisy?"

Nikasema sijafanya kitu. Akaninyamazia. Ana kunyamaza kwake, Waya, hata ukuta ungeongea. Nikalia, akanipa chai yake mwenyewe, bado hakucheka, akasema nenda uandike kile ulichokataa kuandika.

Ni hivi. Baba alipokufa, Mama alikaa mwaka mmoja akaolewa Migori. Siku anaondoka alinileta kwako na mfuko wa nguo, akasema ni mpaka muhula uishe. Alisema nyumba ya huko ni chumba kimoja. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilipanga nguo zangu mwisho wa muhula, unakumbuka? Wewe ulizitoa tu moja moja ukazirudisha kwenye kamba.

Hatukuwahi kuongea juu ya hiyo siku, mimi na wewe. Nilidhani ni sawa kutoongea.

Halafu ukaandika "chumba ni kimoja, lakini kina upepo." Nilikuwa nasoma bwenini, ile ya bega nimeiruka, nikafika hapo nikakunja barua. Wasichana waliniuliza iliyobaki, nikasema imeisha.

Simchukii yule mtu. Hata ile hadithi ya bega niliipenda. Nilikuwa namshangilia kuliko mtu yeyote, na nilipokumbuka mimi nalala wapi nikaona aibu kuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa na furaha, na mimi sijawahi kukuona na furaha ya namna hiyo. Sasa umemfukuza kwa ajili yangu na hilo ni baya zaidi.

Nauliza basi, kwa mdomo wangu. Shule ikifungwa nitalala wapi? Na akija kukaa na wewe, mimi nitalala wapi?

Daisy


Soko la Toi
Jumamosi, 29 Machi 2025, jioni

Daisy wangu, mtoto wangu,

Sina salamu ndefu, nina mbio. Barua yako ilifika leo asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikamwachia Mercyline meza yangu na pua yake isiyosikia miski, nikashika njia kwenda Gatina.

Kwanza ujue, sikuwa nimemfukuza. Nilimwambia asije Toi mpaka nijue kwa nini mtoto wangu ameniita Shangazi. Akasema sawa. Hakuuliza zaidi, na wiki hizo zote hakuja, hata kupita.

Bucha ilikuwa imejaa, si unajua Jumamosi. Alikuwa na lile koti jeupe, anakata mbavu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, Daisy, yote yakapotea. Nikasema mbele ya foleni nzima, "Daisy atalala wapi?"

Kisu kikasimama hewani. Watu wakageuka kuniangalia, wakageuka kumwangalia yeye.

Angesema neno tamu, ningerudi nyumbani. Wanaume wana maneno matamu ya haraka. Yeye aliweka kisu chini, akasema, "Sijui."

Nikasogea ili nimsikie.

"Nimekuwa mtu mmoja kwa chumba kimoja miaka mingi," akasema. "Nilipokuuliza habari ya Kawangware nilifikiri wewe na mimi. Sikufikiri vizuri. Sijui atalala wapi. Lakini kama una nafasi saa hii, twende tukatafute."

"Na hii foleni?"

Akaangalia foleni. Mwanamume mmoja aliyekuwa na mfuko akasema, "Kata yangu kwanza, halafu uende." Wakacheka wote, akawakatia upesi, akavuta mlango wa bucha, Jumamosi, mchana! Gatina nzima ilijua.

Tulizunguka hadi miguu ikafa. Kwenye ghorofa za Gatina, halafu tukashuka Kabiro. Kila tulipofika yeye alikuwa anauliza swali moja tu: "Msichana wa sekondari atasomea wapi hapa?" Nyumba ya kwanza ilikuwa juu ya baa. Nyingine ilikuwa na giza, akatoka kabla yangu. Huko Kabiro tumeona moja ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na kile kidogo kina dirisha upande wa barabara. Kuna kelele za boda boda. Mimi nimeipenda. Yeye hajasema.

Hatujaichukua. Nimemwambia mwenye funguo atungoje hadi shule ifungwe, uje uikatae au uikubali mwenyewe. Ukisema hapana, ni hapana, tunabaki Kibera na mlango wetu wa kijani, na Khamala atanitembelea kama watu wanavyotembeleana.

Na kuhusu zile nguo. Siku ile mama yako alipokuleta alisema mpaka muhula uishe, na mimi niliomba usiishe. Sikuwahi kukuambia kwa sababu niliona ni kama kumwombea mama yako mabaya. Nilizirudisha kwenye kamba, zote. Wewe si mzigo nilioachiwa. Nilikutaka.

Ijumaa mkifunga niko steji mapema. Nitakuwa peke yangu, na Khamala atakuja ukisema aje.

Waya


Kabiro, Kawangware
Jumapili, 11 Mei 2025

Daisy,

Dada wa dirishani, unaendeleaje? Tangu urudi shule nyumba ina ukimya wa ajabu. Nafungua mlango wako asubuhi ili chumba kisijisikie mpweke. Zile boda boda ulizosema zitakusaidia kuamka, zimeniamsha mimi. Meza yangu bado iko Toi, natembea asubuhi, inanifaa. Khamala bado analala nyuma ya bucha yake hadi tufunge ndoa, kama tulivyokubaliana, anakuja Jumapili baada ya ibada na anaondoka na jua. Ameniomba nikuandikie kwamba yale maswali ya kemia uliyomwachia hajayaweza, na lile la chumvi amekosa mara tatu.

Sasa habari yenyewe. Wazee walikuja jana. Wa kwao kutoka Bungoma, wakiongozwa na ami yake, Mzee Walubengo, mtu mwenye sauti kama ngoma. Wa kwetu kutoka Homa Bay wawili. Nilipika tangu asubuhi. Mambo yalikwenda vizuri, walitaniana kuhusu samaki wetu na kuku wao, mpaka tukafika kwenye tarehe ya harusi.

Mzee Walubengo akasema Juni. Baada ya hapo watu wa kwao watakuwa na mavuno ya mahindi, hawawezi kusafiri. Wa kwetu wakasema Juni ni sawa. Kila mtu akaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, na unajua mwanamke hazungumzi hapo. Nikaangalia chini.

Khamala alikuwa hajasema neno asubuhi nzima. Akasimama. Wazee wakashangaa, kwa sababu bwana harusi naye hazungumzi hapo. Na kwa ile sauti yake ya chini, wote wakalazimika kuinama kumsikia, akasema, "Agosti."

Mzee Walubengo akamwuliza Agosti kuna nini.

"Shule zinafungwa," akasema. "Msichana wetu yuko shule."

Mzee akamkumbusha mahindi. Khamala akasema mahindi ni kila mwaka. Akakaa.

Kisha yule mzee akagonga fimbo sakafuni akasema, kama huyo msichana ni mkubwa kuliko mahindi, basi aandaliwe kiti cha mbele. Wakacheka. Mimi birika liliniponyoka kidogo, chai ikamwagika kwa zulia jipya, sikujali.

Kwa hivyo ni Agosti. Tafuta rangi ya gauni.

Waya wako


Shuleni
Jumapili, 18 Mei 2025

Niaje Waya!

Sijambo sijambo sijambo. Subiri nikueleze.

Ijumaa tulikuwa darasa la hesabu. Mlango ukafunguliwa, Madam Kalekye akasimama pale na barua mkononi. Yeye huwa haji darasani. Akikuita mtu nje katikati ya somo, huwa ni msiba. Akasema, "Daisy Oloo." Chumba kizima kikaniangalia. Nilitembea mpaka mlangoni nikihesabu nani amekufa, wewe, au Mercyline, au ni Mama kule Migori. Akafunga mlango nyuma yetu. Tukawa wawili kwenye korido.

Hakunipa barua. Aliniangalia, akasema neno moja tu.

"Agosti."

Sikuelewa. Nikasema, "Madam?"

"Walitaka Juni," akasema. "Akasimama akasema Agosti." Na Waya, mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia, na kilipoipata kilikuwa kikubwa, kikaenda korido nzima. Mimi nikapiga mayowe. Akanishika mikono tukarukaruka pale kama wasichana wa darasa la kwanza, hadi mwalimu wa hesabu akafungua mlango kuuliza kuna nini, na Madam akamwambia, bado amenishika, "Rudi ndani, mwalimu. Tuna harusi."